Out of Africa: treni iliyoipita Nairobi, na makosa mengine uliyouliza

Swali: Kaka shikamoo. Juzi nimeangalia Out of Africa na binamu yangu wa Nairobi, mimi niko Moshi. Kila baada ya dakika tano yeye anasimamisha, mara treni haipiti hapo, mara huyo mzungu hakuwa hivyo, mara ndege siyo, mara nyumba siyo hiyo. Mimi mwisho wa muvi nimelia, yeye ananicheka. Naomba unieleze, ni kweli ina makosa yote hayo? Na muvi iliyobeba Oscar inakuwaje na makosa? Alafu mwezi ujao tunataka kwenda kuiona ile nyumba, je ndiyo yenyewe au siyo?

Jibu: Marahaba dada'angu. Binamu yako yuko sahihi kwa mengi sana, nisikufiche, na wewe hukukosea kulia, hivyo vitu viwili vinakaa pamoja bila shida yoyote. Mimi kazi yangu ni kontinyuti, yaani ndiye yule mtu anayekaa pembeni ya kamera na skripti mapajani akiandika shati lilikuwa limefungwa vifungo vingapi na glasi ilikuwa imejaa kiasi gani, kwa hiyo muvi nikiiangalia naiona vipande vipande, na hii nimeiangalia mara nyingi maana imepigwa kwetu na watu wa kwetu wamo ndani.

Kabla ya kuingia kwenye mambo yenyewe kuna kitu binamu yako anakichanganya, na karibu kila mtu anakichanganya. Kosa la kontinyuti ni pale muvi inapojipinga yenyewe, kwamba kipande hiki kikombe kipo mkono wa kulia, kamera inahamia upande wa pili kikombe kipo kushoto. Kosa la ukweli ni pale muvi inapopingana na dunia, kwamba jambo halikutokea hivyo, mahali siyo pale, mtu hakuwa vile. La kwanza ni kosa la mtu kama mimi, nimesinzia au nimechoka au jua limenikimbia. La pili mara nyingi siyo uzembe hata kidogo, ni mtu kakaa mezani na dairekta akasema najua haikuwa hivi lakini naifanya hivi, na sasa hapo ndipo inabidi umuulize kila mara, umeifanya hivyo kwa faida ya nani?

Tuanze na treni maana ndiyo ya kwanza kwenye muvi na ndiyo binamu yako kaipatia sawasawa. Mwanzoni kabisa Karen, yaani Karen Blixen, yule Mdenmaki mwenye shamba la kahawa ambaye muvi hii ya 1985 ni habari zake, anakuja na treni, anatoka Mombasa anaenda Nairobi, na treni inakata mbuga pana yenye miinuko nyuma yake, muziki wa John Barry umepanda, unasisimka mpaka nywele. Sasa kile kinachoonekana ni upande wa Bonde la Ufa, mgongoni mwa vilima vya Ngong, ule upande wenye mteremko mkali. Reli ya kutoka Mombasa haifiki huko kabla ya Nairobi, inapanda Voi, inapita Tsavo, inakata tambarare za Kapiti na Athi, inaingia Nairobi, basi. Bonde la Ufa liko ng'ambo ya pili, unalikuta ukishaipita Nairobi unaelekea Naivasha. Yaani yule mama kwa ile picha alishaupita mji anaoenda! Mtu wa Nairobi akiona hivyo ni sawa na wewe uonyeshwe basi la Dar kwenda Moshi linakatiza kreta ya Ngorongoro, lazima useme ngoja kwanza.

Lakini usikasirike haraka, maana ndani ya treni hiyohiyo kuna kitu cha kweli kuliko watazamaji wengi wanavyojua. Lile behewa wanalolitumia ni behewa halisi la maafisa wa reli ya Uganda ya enzi hizo, ndilo lile ambalo mwaka 1900 pale Kima, Superintendent Charles Ryall wa polisi alikuwa amelala ndani akimvizia simba aliyekuwa anakula watu stesheni, na simba akaingia humo humo behewani akamchukua, akatoka naye dirishani. Wenzake wawili walikuwemo na walipona. Behewa hilo lipo mpaka leo makumbusho ya reli Nairobi, unaweza kulisogelea ukaangalia dirisha lilivyo dogo. Kwa hiyo kipande kimoja hichohicho kina uongo mkubwa nje ya dirisha na ukweli mtupu ndani, na ndivyo muvi nzima ilivyo ukiifuatilia.

Alafu kuna suala la huko kuwasili kwenyewe. Muvi inasema 1913, Karen anafika Nairobi peke yake, mchumba hayupo kumpokea, anakutana na Farah, mtumishi wake mkuu, stesheni, alafu yeye na mchumba wanaoana haraka haraka Muthaiga Club, klabu ya wazungu Nairobi. Kilichotokea ni kwamba meli ilifika Mombasa Januari 1914, mchumba wake Bror alikuwa hapo anamsubiri, wakaoana hapohapo Mombasa tarehe 14 Januari, na Prince Wilhelm wa Sweden akiwa shahidi, ndipo wakapanda treni pamoja. Na Farah hakumkuta stesheni ya Nairobi, alimpokea Aden kabisa meli ilipopita huko, hilo Karen mwenyewe aliliandika baadaye. Muthaiga nayo ilifunguliwa mkesha wa mwaka mpya wa 1913 kuingia 1914, kwa hiyo ile klabu unayoiona imetulia kama ina miaka mingi, bibi harusi wa kweli angeikuta rangi haijakauka.

Kwa nini wamebadilisha? Hapa mimi nawaelewa. Ukiwa na mwanamke anayeshuka kwenye treni peke yake mahali asipomjua mtu, na mwanaume wake hajaja, tayari umeshaijua ndoa hiyo itakuwaje na hujasema neno hata moja, ila ukimleta na mume, na mwana wa mfalme, na karamu Mombasa, utahitaji dakika ishirini kueleza kitu hichohicho. Hilo ni badiliko lenye akili na silihesabu kama kosa, naliandika tu ili ukibishana na binamu ujue kilichotokea.

Kwenye Denys, yule mpenzi wa Karen anayeigizwa na Robert Redford, ndipo pana mambo. Muvi inawakutanisha mapema kabisa, treni inasimama porini apakie pembe za ndovu. Kwa kweli Karen na Denys Finch Hatton walikutana 1918, Vita ya Kwanza ya Dunia inaelekea ukingoni, yeye Karen yuko kwenye ndoa miaka minne tayari na ndoa yenyewe imeshachoka. Denys alikuwa Mwingereza wa ukoo wa ma-earl, yaani mabwana wenye vyeo vya kurithi, kasoma Eton na Oxford, na alikuwa na upara, ndiyo, upara, picha zake nyingi utamkuta na kofia. Robert Redford ni Mmarekani mwenye nywele za dhahabu kila mtu anazijua. Redford alikuja amejiandaa kuigiza Mwingereza kabisa, na vipande vya mwanzo alianza kuongea na lafudhi hiyo, lakini dairekta Sydney Pollack akaona watazamaji watakuwa wanasikiliza lafudhi badala ya kumsikiliza mtu, akamwambia aache, na baadhi ya maneno ikabidi ayarekodi upya. Wakati huohuo Meryl Streep, anayeigiza Karen, pembeni yake anaongea Kidenmaki-Kiingereza alichokijenga kwa kusikiliza rekodi za sauti ya Karen Blixen mwenyewe. Ukikaa ukawasikiliza wawili hawa jioni pale mezani, mmoja anatoka Denmark ya 1914 na mwingine anatoka California ya 1985. Mimi hili linanisumbua mpaka kesho, na sidhani kama Pollack alikuwa sahihi, watazamaji wangeizoea lafudhi ndani ya dakika kumi.

Na umri. Hapa ndipo kontinyuti na ukweli vinapokutana. Denys alizaliwa 1887, kwa hiyo mwaka 1913 alikuwa na miaka 26, akafa 1931 akiwa na 44. Redford alizaliwa 1936, wakati wa kupiga muvi alikuwa ana 48. Maana yake siku ya kwanza tunapomwona Denys, kijana wa miaka 26, mwigizaji ameshampita hata umri aliofia. Alafu hadithi inakwenda miaka 18, vita imepita, ndoa imekufa, shamba limekufa, na sura yake ni ileile. Streep wanajitahidi kumbadilisha kwa nywele na nguo, na mwendo wake wa mwisho ni mzito kuliko wa mwanzo ukiangalia vizuri, ni kazi nzuri sana ile. Ila Redford hapana, na kwenye idara yangu tungesema hilo ni kosa la kontinyuti kubwa kuliko kikombe chochote, maana muda ndiyo kitu cha kwanza tunachotakiwa kukilinda.

Kamante, yule mtoto Mkikuyu wa shambani kwa Karen, ndiyo zaidi. Muvi inamweka mtoto mwenye kidonda mguuni tangu mwanzo mwanzo Karen anapofika, kabla ya vita. Kamante Gatura wa kweli anakadiriwa kuzaliwa karibu 1912, maana yake Karen anashuka Mombasa yeye ni wa kubebwa mgongoni. Alikuja kutibiwa baadaye sana, miaka ya 20 ikianza, na hapo ndipo akawa mpishi hodari kama muvi inavyoonyesha. Wamemvuta nyuma ili awepo hadithi nzima, na kwa kuwa mwigizaji ni mmoja, Joseph Thiaka, mtoto huyo miaka inapita na yeye hakui kama inavyotakiwa.

Sasa uliuliza muvi ya Oscar inakuwaje na makosa. Ilichaguliwa kugombea 11 ikachukua 7, ikiwemo muvi bora, dairekta bora, na upigaji picha wa David Watkin. Hakuna anayegawa Oscar kwa kuhesabu vikombe. Lakini acha nikueleze ugumu wa kupiga picha kwetu maana watu hawaujui, na ukiujua utaiangalia muvi hii kwa macho mengine.

Nairobi iko digrii moja na kidogo kusini ya ikweta. Jua halizunguki pembeni kama Ulaya, linapanda moja kwa moja, saa sita mchana liko utosini. Mtu akiwa na kofia pana kama wanavyovaa humu, saa sita uso wote ni giza, macho huyaoni. Mwanga ule wa dhahabu unaokuliza wewe upo asubuhi kidogo na jioni kidogo, jua likianza kushuka linashuka kweli, hulisubirishi. Maongezi ya dakika tatu kwenye muvi yanaweza kuchukua siku nzima kupiga, kwanza kamera inamwangalia yeye, inageuzwa inamwangalia mwenzake, inapelekwa mbali, inarudishwa karibu. Asubuhi kivuli kimelala upande huu, mchana hakipo, alasiri kimelala upande wa pili, na vyote hivyo vinakuja kuunganishwa mezani viwe dakika tatu za mfululizo. Kwa hiyo ukitaka kujua wamefanya kazi vipi usiangalie vikombe, angalia chini, angalia vivuli vya miguu ya meza na vya watu pale kambini wanapokula porini. Utagundua Watkin alikuwa anapenda kuweka jua nyuma ya waigizaji badala ya usoni, na sababu moja ni hiyohiyo, jua likiwa nyuma uso unakaa kwenye mwanga laini na kivuli hakikusaliti haraka.

Chukua kile kipande cha Denys anamwosha Karen nywele mtoni, kila mtu anakikumbuka. Kwa mtu wa kontinyuti hicho ndicho kipande cha kukunyima usingizi. Povu halikai. Unalipaka, kamera haijawa tayari, linakauka, linashuka shingoni. Umelowesha nywele na nguo, haziwezi kurudi kavu kwa ajili ya kipande cha nyuma mpaka umsubirishe mtu au uwe na shati la pili lililo sawa na la kwanza. Maji kwenye jagi kila ukimwagia lazima ujue yamebaki wapi, na juu ya yote mwigizaji anasoma shairi refu la Coleridge, hivyo neno gani limesemwa jagi likiwa wapi lazima liandikwe. Mimi nikikiangalia namwona yule mwenzangu aliyekaa ukingoni na daftari lake, na nasema huyo alistahili kitu. Na hilo shairi halikuchaguliwa hovyo. Kaburi la Denys kule Ngong lina nguzo iliyowekwa na kaka yake, na kibao chake kina mstari wa shairi hilohilo, kuhusu anayependa binadamu na ndege na mnyama. Muvi imeuficha mstari huo kwenye kuosha nywele, haikuelezi. Kwa hiyo usidhani hawakusoma, walisoma sana, walipobadilisha walikuwa wanajua wanabadilisha nini.

Simba wa muvi walikuwa wa kufundishwa, wameletwa kutoka California. Ndiyo, simba kuletwa Kenya kwa ndege. Huwezi kumwambia simba wa Mara asimame hapa kwenye alama. Santuri ya Mozart nayo, ile ya clarinet, mwendo wake wa taratibu unachukua dakika saba hivi na santuri za enzi hizo upande mmoja ulikuwa unabeba dakika nne tu au kidogo zaidi, lazima uinuke ugeuze, alafu sauti ni safi mno kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono. Hayo madogo, yapite.

Ndege ndiyo imenifurahisha. Binamu yako amesema ndege siyo, ni kweli, Gipsy Moth ya Denys ilikuwa na usajili G-ABAK na ile ya kwenye muvi ni G-AAMY, tena imetengenezwa Marekani kwa leseni mwaka 1929. Lakini mbona hajakuambia walichopatia? Kwenye ndege aina ile rubani anakaa kiti cha nyuma na abiria anakaa mbele. Watu wengi wanaotunga muvi wangemweka mwanaume mbele kama dereva wa gari. Humu Karen yuko mbele, Denys nyuma, na ndiyo maana Karen ananyoosha mkono kinyumenyume ili ashikwe, ule mkono umetokana na ufundi wa ndege yenyewe, wasingepatia kiti wasingeupata mkono. Kwangu mimi hicho ndicho kipande kizuri kuliko vyote humu. Safari yenyewe kijiografia haiendeki, flamingo, milima, maporomoko, nyika, vyote kama viko jirani, ila mtu anayeruka kwa mara ya kwanza akiwa na anayempenda sidhani kama anahesabu kilomita, hilo nawaachia.

Sasa nikuambie lile ambalo mimi siwaachii.

Mei 14, 1931, Denys aliruka kutoka Voi. Wewe wa Moshi unapajua Voi, unatoka Holili, Taveta, unafika. Ndege ilizunguka kidogo juu ya uwanja ikaanguka ikawaka moto. Ndani hakuwa peke yake. Alikuwa na Kamau, mtumishi wake Mkikuyu, na Kamau akafa palepale pamoja naye. Kwenye muvi Kamau hayupo. Bror anakuja shambani anamwambia Karen kwamba Denys ameanguka Tsavo, na huyo anayeliliwa ni mmoja tu. Tunaenda mazishini Ngong, kaburi ni moja, maneno ni ya mtu mmoja.

Hili linanikera kuliko treni mara mia. Treni imesogezwa kwa sababu mandhari ni nzuri, hakuna aliyeumia. Umri umesogezwa kwa sababu walitaka Redford. Farah kahamishwa kutoka Aden kwa sababu ya muda. Lakini kumtaja Kamau kungegharimu nini? Sentensi moja ya Bror. Maneno matano. Karen mwenyewe kwenye kitabu chake cha 1937, chenye jina hilohilo la muvi, pamoja na mawazo yote ya kikoloni ya zama zake, amemtaja. Waliosoma kitabu hicho kwa umakini mpaka wakauchomeka mstari wa kaburini kwenye kuosha nywele walimwona Kamau humo, wakampita. Ukiniuliza kosa kubwa la muvi hii ni lipi, ni hilo, na halipo kwenye orodha za watu wanaohesabu vikombe kwa sababu huwezi kusimamisha picha ukamwona mtu ambaye hakuwekwa.

Na hata Bror kuleta habari ile ni ya kutunga. Kufikia mwisho wa miaka ya 20 Bror alikuwa na mke mwingine na anaishi upande wetu huku, Babati. Karen habari alizipata Nairobi, alikuwa amealikwa chakula cha mchana kwa Lady McMillan, watu wakamkalia kimya kwanza na ndipo akaambiwa. Muvi ilitaka mume wa zamani ndiye alete msiba, inaumiza zaidi, sawa.

Vita nayo imepita kama upepo. Kuna msafara wa Karen na mikokoteni ya ng'ombe, mzuri wa kutazama, lakini wale wapagazi wa Carrier Corps, Waafrika waliobebeshwa mizigo ya vita ile kutoka Kenya mpaka Tanganyika wakafa kwa makumi ya maelfu, hawamo. Farah ameigizwa kwa heshima kubwa na Malick Bowens, Mmali, wakati Farah Aden alikuwa Msomali. Iman, Msomali wa kweli, yumo pia, ila kapewa kipande kifupi cha mpenzi wa Berkeley Cole, rafiki yao Denys na Karen. Naye Cole muvi inamuua kwa homa wakati wa kweli alikufa kwa moyo mwaka 1925.

Kahawa nisiiache maana ndiyo iliyomfukuza Karen. Kwenye muvi mavuno yanapatikana hatimaye, alafu usiku kiwanda kinaungua, asubuhi yake kila kitu kimekwisha. Moto ulikuwepo kweli, lakini ulikuwa 1923, na baada ya hapo shamba likajikokota miaka minane mingine. Lilikuwa shamba la ekari kama 6,000, za kahawa kama 600, na tatizo lake lilikuwa la siku zote: pale chini ya Ngong ni juu mno kwa kahawa, baridi ni kali, mvua haitoshi, udongo una asidi. Ukaja ukame, wakaja nzige, bei ya kahawa ikaanguka dunia nzima baada ya 1929, na ndugu wa Denmark waliokuwa wanatoa hela wakachoka. Wewe kwenu Moshi watu wanaijua kahawa, muulize mzee yeyote mwenye kihamba kama kahawa inakufa kwa usiku mmoja, atakuambia kahawa inakuua polepole kila mwaka inakupa matumaini kidogo. Mimi naona hadithi ya kweli ni ya kusikitisha kuliko ya moto, ila miaka minane ya barua za benki ni ngumu kuipiga picha na moto ni rahisi.

Na pale anapompigia magoti gavana akiomba Wakikuyu wa shamba wapewe ardhi, kupiga magoti ni kwa muvi, ila kuhangaika ofisi kwa ofisi ni kweli na ardhi ilipatikana kweli, upande wa msitu wa Dagoretti. Jengo unaloliona kama ikulu ya gavana ni Nairobi School, muulize binamu yako atakuwa anapita hapo kila siku bila kujua.

Haya, nyumba. Ile ya makumbusho pale mtaa wa Karen, Nairobi, inaitwa Mbogani, ndiyo nyumba halisi, imejengwa 1912 na Karen alihamia 1917 akakaa mpaka anaondoka 1931. Muvi haikupigwa ndani yake. Walitumia nyumba yake ya kwanza, Mbagathi, aliyokaa kabla ya hapo, iko jirani, na mji wa Nairobi wa zamani wakaujenga Langata kwa mbao. Kwa hiyo muvi inamweka nyumba moja tangu mwanzo mpaka mwisho wakati alikuwa na mbili, na ile waliyoionyesha ndiyo aliyoihama.

Mkifika mtaona vitu vya aina mbili vimechanganyika: kuna fanicha na vitu vilivyokuwa vya Karen mwenyewe, na kuna vitu vilivyoachwa na watu wa muvi, zikiwemo nguo. Muulizeni anayewatembeza, chumba kwa chumba, hiki ni cha nani, wanajua na watawaambia bila kuficha. Nje bustanini kuna mashine za zamani za kahawa, msizipite mkikimbilia kupiga picha kwenye veranda. Kaburi la Denys liko juu Ngong, ni safari nyingine, bora muulize njia na hali ya usalama siku hiyohiyo kabla ya kupanda, na msiende jioni.